Kitabu cha kwanza cha lugha ya R: vijana wetu tuwachagulie kipi?



Mwaka jana kamati ya msikiti wetu ilipokea sadaka kutoka kwa muumini mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe. Sharti lake lilikuwa moja tu: fedha zile zitumike kuwafundisha vijana elimu ya kompyuta itakayowafaa katika masomo na kazi zao. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, na kwa kuwa niliwahi kusoma somo la takwimu nilipokuwa chuoni, kazi ya kuchagua kitabu cha kufundishia iliangukia mikononi mwangu. Niliipokea kwa wepesi, nikakosea. Makala haya yanaeleza kosa lile na yale tuliyojifunza baada yake, ili mzazi, mwalimu wa madrasa au kamati nyingine inayokusudia jambo kama hili isipite njia ile ile tuliyopita sisi.

Kwa nini lugha ya R

Vijana waliojiandikisha walikuwa wanane. Watatu kati yao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu: mmoja akisoma afya ya jamii, mmoja kilimo na mmoja takwimu. Waliobaki walikuwa wamemaliza kidato cha sita wakisubiri kujiunga na vyuo. Wale watatu walikuwa na shida moja. Kila mmoja alitakiwa kukusanya data za utafiti wake, kuzichambua na kuonyesha matokeo kwa michoro, na wawili walikuwa wakitumia programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, waliyonakiliwa na rafiki kwa flashi. Tulipowauliza iwapo inamstahiki Muislamu kuandika utafiti wake kwa chombo ambacho mwenyewe hakukitolea idhini, waliinamisha vichwa. Hawakupenda kuiba. Hawakujua tu kwamba kuna njia nyingine.

Njia hiyo ni R. Hii ni lugha ya kuandikia programu za hesabu za kisayansi, hasa takwimu na michoro yake. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wanazuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman. Jina lake limetokana na herufi ya kwanza ya majina yao, na pia ni kama mzaha wa kitaaluma, kwa sababu R imefuata nyayo za lugha iliyoitangulia, iitwayo S, iliyozaliwa mwaka 1976 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1995 waasisi wake waliitoa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili, kuichunguza na hata kuibadilisha bila kulipa chochote. Toleo namba 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leo hii inatumiwa na watafiti wa tiba, kilimo, uchumi na mazingira duniani kote. Kwa mwanafunzi asiye na fedha na asiyetaka haramu, hiyo ni neema.

Basi lugha tuliipata bila shida. Shida ilikuwa kitabu.

Kosa langu: kuuheshimu unene

Niliwauliza wajuzi wawili watatu, nao wakanitajia kitabu kimoja kinene, chenye sifa kubwa miongoni mwa wataalamu. Sikukisoma. Niliona idadi ya kurasa zake, nikajiambia kwamba kitabu chenye kila kitu hakiwezi kukosa cha kumfaa anayeanza. Nikaagiza nakala mbili kutoka nje, na gharama ya kusafirisha ikakaribia bei ya kitabu chenyewe.

Juma la kwanza chumba cha madrasa kilijaa. Tulikuwa na kompyuta nne, vijana wawili kwa kila moja, baada ya sala ya Alasiri siku ya Jumamosi. Juma la pili walikuja sita. Juma la nne walikuja watatu, na mmoja kati yao alikuja kwa kunionea haya.

Nilimwuliza binti anayesoma kilimo kilichowatokea wenzake. Akanijibu kwa adabu, "Ustadh, hawa si wavivu. Kitabu hiki kinajibu maswali ambayo bado hatujayauliza." Nilikwenda nyumbani nikakifungua kwa mara ya kwanza kama msomaji, nikaona alivyosema kweli. Kilikuwa kitabu cha marejeo. Kila sura ilichukulia kwamba msomaji anaijua tayari mbinu ya takwimu inayozungumzwa, na kinachomkosa ni amri ya kuandika kwenye kompyuta. Mtaalamu atakishukuru. Kijana ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu ni kama mtoto wa juzuu amma aliyepewa kitabu cha tafsiri chenye majalada kumi.

Niliieleza kamati waziwazi kwamba sehemu ya sadaka ilikuwa imekwenda pasipostahili, na sababu ni mimi kununua nisichokisoma. Mwenyekiti hakunikemea. Alisema tu kwamba kabla hatujatoa shilingi nyingine, kila kitabu kijaribiwe na vijana wenyewe, kikao kimoja kwa kila kitabu, huku sisi wakubwa tukikaa kimya na kutazama.

Vitabu vitatu tulivyovipima

Tulivijaribu vitabu vitatu, vyote vikiwa na nakala ambazo wenyewe wameziweka zisomwe bure kwenye intaneti. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, jambo nitakalolirudia.

Cha kwanza ni An Introduction to R. Hiki huja pamoja na R yenyewe, kwa hiyo ukishaiweka programu kwenye kompyuta, kitabu unacho tayari, hata kama bando limekwisha. Kina takriban kurasa mia, na mwishoni kuna kikao cha mfano ambacho mwanafunzi huandika amri moja baada ya nyingine na kuona kinachotokea. Asili yake ni maelezo ya Bill Venables na David Smith juu ya lugha ya S. Ni kitabu cha kweli na cha mkato, lakini ukavu wake ni mwingi. Kinaeleza kanuni kwanza, na faida ya kanuni mwanafunzi huiona baadaye sana. Kijana wetu wa takwimu alikipenda. Wengine walipiga miayo.

Cha pili ni R for Data Science, cha Hadley Wickham, Mine Çetinkaya-Rundel na Garrett Grolemund. Toleo la kwanza lilichapishwa mwaka 2017 na la pili mwaka 2023. Hiki kimegeuza utaratibu: sura ya kwanza haianzi na kanuni, bali na mchoro. Mwanafunzi hupewa vipimo vya pengwini 344 wa aina tatu kutoka visiwa vya Antaktika, akaambiwa atafute iwapo pengwini mzito zaidi ana bawa refu zaidi. Kabla ya saa moja kupita, vijana walikuwa na mchoro wa rangi tatu kwenye kioo cha kompyuta, na jibu, kwamba ndivyo ilivyo, walilisoma wenyewe kwa macho yao. Sijasahau sauti zilizosikika chumbani siku ile. Yule aliyekuwa akija kwa kunionea haya alikataa kuondoka mpaka adhana ya Magharibi.

Kitabu hiki nacho kina taabu zake. Kinategemea mkusanyiko wa pakeji za ziada uitwao tidyverse, na siku ya kwanza tu inahitaji intaneti ya kutosha kuupakua. Sisi tulizipakua pakeji mara moja kwenye kompyuta moja, tukazihamishia nyingine kwa flashi, jambo ambalo leseni zake zinaruhusu. Taabu ya pili ni kwamba kinafundisha zaidi kuchambua data kuliko kutunga programu. Waandishi wenyewe hawalifichi hilo. Katika utangulizi wao wanamshauri msomaji ambaye hajawahi kuandika programu akiweke kando yake kitabu kingine cha mmoja wao.

Kitabu hicho kingine ndicho cha tatu: Hands-On Programming with R, cha Garrett Grolemund, kilichochapishwa mwaka 2014. Ni chembamba, lugha yake ni nyepesi, na kinamfundisha mtu asiyejua lolote kutunga programu hatua kwa hatua. Kwa ufundishaji, vijana walikiona kuwa ndicho kilicho wazi kuliko vyote. Na hapo ndipo kamati yetu ilipogawanyika.

Hoja ya mtunza hazina

Kitabu hicho kimejengwa juu ya kazi tatu. Katika ya kwanza, mwanafunzi hutengeneza madadu mawili ndani ya kompyuta na kuyarusha, kisha huyafanya yaelemee upande mmoja. Katika ya pili, hutengeneza karata 52, akazichanganya na kuzigawa. Katika ya tatu, hutengeneza mashine ya kamari, ya namna ile ile ya zile zinazopachikwa madukani kwetu, ambazo vijana huziita dubwi.

Mtunza hazina wetu ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi kompyuta siijui, lakini dadu nalijua, na karata nazijua. Sadaka ya mtu iliyotolewa msikitini itanunua kitabu cha kamari?" Akakumbusha kwamba kamari imeharamishwa katika Suratul Maidah, na kwamba iko hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inayoukemea vikali mchezo wa dadu. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mzee ametia chumvi.

Upande wa pili ulikuwa na hoja yake. Hesabu za uwezekano, ambazo bila ya hizo hakuna takwimu za tiba wala za kilimo, zilipata msukumo mkubwa mwaka 1654 pale Blaise Pascal na Pierre de Fermat, wanahisabati wa Ufaransa, walipoandikiana barua juu ya swali la mchezo wa kubahatisha. Tangu hapo vitabu vya fani hii vimelizoea dadu kama vitabu vya sarufi ya Kiarabu vilivyomzoea Zaydi na Amri. Tena katika ile kazi ya tatu mwanafunzi hafundishwi kucheza. Mwishoni hupiga hesabu ya kiasi ambacho mashine humrudishia mchezaji kwa wastani kwa kila fedha aliyotia, na jibu huwa ni kidogo kuliko alichotia.

Jambo lilipelekwa kwa imamu wetu. Alituambia kwamba kujifunza hesabu ya kitu si kukitenda, na kwamba kadhi asiyejua hila za walaghai hawezi kumwokoa aliyelaghaiwa. Lakini akaongeza kwamba mzee naye ameshika kanuni inayojulikana na wanazuoni, ya kuziba njia inayoelekea kwenye madhara, na kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili akikuta picha za karata kwenye rafu ya msikiti hatakuwa na mtu wa kumfafanulia. Akatuuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza: je, hakuna kitu cha halali kinachofundisha hesabu ile ile?

Kipo, nacho ni kura. Imethibiti katika hadithi sahihi kwamba Mtume (SAW) alipokusudia safari alikuwa akipiga kura baina ya wake zake ili kujua ni nani atafuatana naye. Kura ya namna hiyo haina dau wala mwenye kuliwa mali yake. Ni njia ya uadilifu pale ambapo haki ni sawa na nafasi haitoshi. Na sisi tulikuwa na kompyuta nne na vijana wanane. Amri ya R inayorusha dadu katika kitabu kile, iitwayo sample, ndiyo hiyo hiyo inayopiga kura. Mwanafunzi anaandika orodha ya majina, anaipa jina "majina", kisha anaandika:

sample(majina)

Kompyuta inayapanga majina upya bila kumpendelea yeyote, na wanne wa mwanzo ndio wanaoanza siku ile. Tangu hapo kila somo letu lilifunguliwa kwa kura hiyo, na wanafunzi waliweza kuipiga mara elfu moja kuhakikisha kwamba kweli kila mmoja hupata nafasi karibu sawa na mwenzake. Hilo ndilo somo lile lile la uwezekano, na hakuna aliyelikosa.

Sura ya mashine ya kamari hatukuiacha, ila tuliiweka kwa wakubwa tu, mwalimu akiwapo. Tuliirahisisha hivi. Tuseme mashine hula shilingi 200 kila mchezo, na kwa wastani hutoa shilingi 1,000 mara moja katika michezo minane. Kwa kila mchezo basi inarudisha wastani wa shilingi 125, yaani mchezaji anapoteza 75. Akicheza mara mia ametia 20,000 na kwa wastani amerudishiwa 12,500, na 7,500 zimekwenda. Vijana waliicheza mashine hiyo ya kubuni ndani ya R mara laki moja, na kila walivyoongeza idadi, ndivyo hasara ilivyozidi kuikaribia ile namba. Mtunza hazina alipoonyeshwa mchoro wa mstari ule unaoshuka, aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba kijana aliyeuchora auonyeshe baada ya darsa la Jumapili, kwa sababu, alisema, anao wajukuu.

Mwalimu wa zamani aliyechagua mifano yake vizuri

Suala la mifano si dogo, na halikuanza leo. Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, karibu mwaka 820, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika muhtasari wa hesabu za al-jabr, na jina la elimu hiyo, aljebra, likatokana na kitabu hicho. Jina lake mwenyewe, lilipopita katika Kilatini, ndilo lililozaa neno algorithimu, ambalo wana kompyuta wanalitumia kila siku kumaanisha utaratibu wa hatua za kutatua tatizo. Hayo tunapenda kuyasimulia kwa fahari. Tunalolisahau ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu kile ni masuala ya wasia na mirathi. Aliwaandikia watu hesabu wanazozihitaji: kugawa urithi, kuuza na kununua, kupima ardhi. Mwanafunzi wake hakulazimika kwanza kujifunza maisha ya watu wengine ndipo aelewe hesabu.

Kwa kufuata mfano huo, zoezi letu kubwa la kwanza lilikuwa la mirathi. Tuseme mtu amefariki, wazazi, babu na bibi zake wote wakiwa wameshatangulia mbele ya haki, akaacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi, zimebaki shilingi 24,000,000. Mke anapata thumuni kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Vijana waliandika:

mali <- 24000000
mke <- mali / 8
baki <- mali - mke
mafungu <- 2 * 2 + 3
binti <- baki / mafungu
kijana <- binti * 2

Mke ana 3,000,000, kila binti 3,000,000 na kila kijana 6,000,000. Jumla inarudi 24,000,000. Lakini R haikuandika milioni tatu. Iliandika 3e+06, na vijana wawili wakadhani mashine imeharibika. Maana yake ni tatu ikifuatwa na sifuri sita tu, namna ya wanasayansi ya kufupisha namba ndefu. Nimelitaja hili kwa sababu kitabu cha anayeanza, au mwalimu aliye karibu naye, ni lazima kimwandae kwa mambo madogo kama haya. Wanaoacha masomo ya kompyuta wengi hawashindwi na jambo kubwa. Wanashindwa na kitu kidogo ambacho hakuna aliyewaambia kwamba ni cha kawaida.

Zoezi la pili lilikuwa na funzo zito zaidi. Tuliwapa mali ya shilingi 30,000,000 na deni la 6,000,000. Kijana mmoja, hodari kuliko wote, alisahau kutoa deni kabla ya kugawa. R haikulalamika. Ilimpa mke 3,750,000 badala ya 3,000,000, kwa utulivu ule ule. Imamu, ambaye hajui kuandika hata mstari mmoja wa R, ndiye aliyeliona kosa, kwa sababu anaijua mirathi. Tukawaambia vijana waliandike ukutani: kompyuta haijui deni usiloliandika. Kwa hiyo zoezi hili ni la kujifunzia programu. Mirathi ya kweli ipelekwe kwa mwenye elimu ya faraidh.

Nini mzazi akitazame

Kutokana na safari hii, nampa mzazi au mwalimu ushauri ufuatao kabla hajafungua pochi.

Kwanza, kijana akijaribu kitabu kwa kikao kimoja kabla hujakinunua. Vitabu viwili kati ya vile vitatu vinauzwa kwa nakala za karatasi, lakini vyote vinasomeka bure kwa idhini ya wenyewe. Idhini hiyo ni ya kusoma. Kwa vile viwili vinavyouzwa, haikuruhusu kuvichapa na kuviuza, na kinachopatikana kwa halali hakina haja ya kutiwa haramu.

Pili, tazama kama mwanafunzi anavuna kitu ndani ya saa ya kwanza. Subira ni sifa njema, lakini anayeanza anahitaji kuonja ili aamini kwamba mti huu unazaa.

Tatu, tazama toleo. Lugha hizi hubadilika. Alama mpya ya kuunganisha amri iliingizwa katika R mwaka 2021, na toleo la pili la R for Data Science linaitumia, ilhali la kwanza linatumia alama ya zamani iliyotoka katika pakeji. Yote mawili yanafanya kazi, lakini kijana mwenye toleo moja na mwalimu mwenye jingine watachanganyana.

Nne, hakikisha mazoezi yanafanyika kwa kompyuta na bando mlizonazo. Zoezi moja la R for Data Science linatumia safari za ndege 336,776 zilizoondoka New York mwaka 2013. Ni zoezi zuri, lakini pakeji yenye data hizo ipakuliwe mapema, si darasani watu wakisubiri.

Tano, usiogope mifano ya mbali, ila usiiache peke yake. Baada ya pengwini, vijana wetu waliwapima watoto wa madrasa urefu na upana wa mikono iliyonyoshwa, wakachora mchoro ule ule. Hapo ndipo nilipojua kwamba wameelewa.

Sita, Kiingereza. Tulibandika ukutani orodha ya maneno kwa Kiswahili: jedwali, safu, wastani, amri, kosa. Kila neno jipya lililotokea kitabuni liliongezwa na aliyelikuta. Mwanafunzi asiachwe apigane na lugha mbili kwa wakati mmoja bila msaada.

Uamuzi wetu ulikuwa huu: R for Data Science, toleo la pili, kiwe kitabu cha kila mwanafunzi. Hands-On Programming with R kibaki kwa mwalimu, anayechukua ufundishaji wake na kubadilisha mifano. An Introduction to R kibaki kilipo, ndani ya kila kompyuta, kwa siku ambazo hakuna intaneti. Gharama ya vitabu katika awamu hii ilikuwa ndogo sana kuliko ya ile ya kwanza, na fedha iliyookolewa ilinunua kompyuta ya tano.

Kati ya vijana wanane, watano walirudi na wanne walifika mwisho. Mmoja sikuweza kumrudisha, na wengine wawili walishaondoka kwenda vyuoni kabla sijarekebisha kosa langu. Hao nitaulizwa. Binti wa kilimo amemaliza uchambuzi wa utafiti wake kwa R, na sasa ndiye anayefundisha kundi la pili la mabinti siku za Jumapili. Vile vitabu vinene viwili viko kwenye rafu. Juzi nilimkuta akikisoma kimojawapo. Nikamwuliza kama sasa kinajibu maswali yake. Akasema, "Ndiyo, Ustadh. Sasa ninayo ya kuuliza."